Taa za Kukuzia Mimea Juu ya Tangi la Samaki: Mambo ya Kuzingatia Nyumbani

Taa za kukuzia mimea, ambazo zamani zilihusishwa zaidi na mashamba makubwa ya maua, sasa zinapatikana katika maduka ya vifaa vya umeme na kwa wauzaji wa mtandaoni. Baadhi ya wakazi wanaofuga samaki wa mapambo nyumbani huzining'iniza juu ya matangi yao ili mimea iliyo ndani ya maji istawi. Zikitumiwa vizuri, taa hizi husaidia kuweka maji safi na kuwapa samaki maficho. Zikitumiwa vibaya, huleta hasara za aina tatu: maji kugeuka kijani na samaki kufa, hatari ya umeme ndani ya nyumba, na mimea ya kigeni kukua kupita kiasi kisha kutupwa kwenye mito na maziwa yetu.

Somo hili linaeleza jinsi taa hizi zinavyofanya kazi, namna ya kuchagua inayofaa, muda wa kuiwasha, na hatua za usalama ambazo kila mwenye tangi anapaswa kuzifuata. Limeandaliwa kwa ajili ya familia, walimu na vilabu vya sayansi shuleni katika Kaunti ya Nakuru.

Kwa nini mmea wa majini unahitaji taa

Mmea hutumia nguvu ya mwanga kuunganisha maji na gesi ya kaboni dayoksaidi ili kutengeneza sukari, ambayo ndiyo chakula chake. Katika kazi hiyo mmea hutoa oksijeni. Wanafunzi huijua kazi hii kwa jina la usanisinuru. Mmea wa majini hufanya vivyo hivyo, ila gesi huipata kutoka kwenye maji, na mwanga unaoufikia hupungua kadiri maji yanavyozidi kina.

Kaunti yetu iko karibu na mstari wa Ikweta, kwa hiyo mchana huchukua takribani saa 12 mwaka mzima. Hata hivyo, mwanga unaofika ndani ya sebule ni mdogo mno ukilinganishwa na ule wa nje, hasa katika nyumba za ghorofa zilizosongamana. Jicho la binadamu huzoea haraka na kuona chumba kina mwanga wa kutosha, lakini mmea ulio mita mbili kutoka dirishani hufa njaa polepole.

Kuliweka tangi dirishani si suluhisho. Jua la moja kwa moja hupasha maji joto mchana, kisha usiku wa baridi wa Nakuru huyapoza tena. Mabadiliko hayo huwadhoofisha samaki. Pia jua hilo halina swichi. Huwezi kulipunguza maji yanapoanza kugeuka kijani. Faida kubwa ya taa ni kwamba mwenye tangi ndiye anayeamua nguvu yake na muda wake.

Kuna faida nyingine. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Bakteria wanaoishi kwenye filta na changarawe huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa nitrati, yenye madhara madogo zaidi. Mimea inayokua vizuri hufyonza amonia na nitrati na kuzitumia kama mbolea. Mimea iliyokosa mwanga huoza, na kuongeza amonia ileile iliyotarajiwa kuiondoa.

Kusoma pakiti kabla ya kununua

Rangi ya kijani ya majani, yaani klorofili, hufyonza zaidi mwanga wa buluu na mwekundu. Ndiyo maana taa nyingi za kukuzia mimea hutoa mwanga wa zambarau, unaotokana na balbu ndogo nyekundu na za buluu zilizochanganywa. Mimea hukua chini yake, lakini samaki huonekana kwa rangi zisizo zao, na ni vigumu kutambua jani lililoanza kuwa manjano au samaki mwenye madoa ya ugonjwa. Kwa tangi la sebuleni, taa nyeupe ya LED inafaa zaidi. Nayo ina buluu na wekundu wa kutosha, na humwezesha mwenye tangi kuona hali halisi ya viumbe wake.

Pakiti huwa na nambari kadhaa. Haya ndiyo maana yake:

*Kelvini (K)* hueleza rangi ya mwanga. Taa ya 2700K ina mwanga wa manjano kama balbu za zamani. Taa ya 6500K ina mwanga mweupe unaofanana na wa mchana, na ndiyo inayotumiwa sana kwa matangi yenye mimea.

*Lumeni* hupima mwanga jinsi jicho la binadamu linavyouona, na jicho letu huona zaidi kijani na manjano. Kwa sababu hiyo, taa ya zambarau inaweza kuwa na lumeni chache na bado ikakuza mmea. Nambari hii isitumiwe kulinganisha taa nyeupe na ya zambarau.

*Wati (W)* ni umeme unaotumika. Baadhi ya taa huandikwa wati 100 kwa herufi kubwa, ilhali maandishi madogo yanaonyesha kwamba zinatumia wati chache zaidi. Ile nambari kubwa inalinganisha tu na balbu ya aina nyingine. Tafuta wati halisi.

*IP* hufuatwa na tarakimu mbili. Ya kwanza ni kinga dhidi ya vumbi, ya pili ni kinga dhidi ya maji. IP20 haina kinga yoyote ya maji na haifai kuwekwa juu ya tangi. IP65 hustahimili maji yanayorushwa, lakini si kuzamishwa.

Tafuta pia alama ya ubora ya KEBS, au kibandiko cha ISM kwa bidhaa iliyotoka nje ya nchi.

Kwa mfano, tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na maji ya kina cha 30 hubeba lita 54. Kwa mimea isiyohitaji mwanga mkali, taa ya LED ya wati 10 hadi 15 hutosha. Wengi hununua taa kubwa wakidhani itakuza mimea haraka, na hapo ndipo shida huanza.

Mwani hula mwanga uleule

Mwani, ule utelezi wa kijani unaofunika vioo na majani, nao una klorofili. Hakuna taa inayokuza mmea peke yake na kuuacha mwani. Kinachoamua mshindi ni uwiano wa vitu vitatu: mwanga, kaboni dayoksaidi na virutubishi. Mwanga ukizidi huku mmea ukikosa kimojawapo cha vingine, mmea husimama kukua. Mwani, ambao huhitaji kidogo na huzaana haraka, huchukua kilichobaki.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ya mwani ni kupunguza mwanga. Punguza muda kwa saa moja au mbili, au inua taa juu zaidi. Mwanga hupungua upesi kadiri taa inavyokuwa mbali. Sugua vioo kwa mkono, ondoa majani yaliyofunikwa, punguza chakula cha samaki, na ubadilishe takribani robo ya maji kila wiki. Maji ya mfereji yenye klorini yatibiwe kwanza kwa dawa ya kuondoa klorini inayouzwa katika maduka ya samaki.

Usikimbilie dawa za kuua mwani. Baadhi yake zina shaba, ambayo huua konokono na kamba wadogo. Mwani mwingi ukifa kwa mara moja huoza, na kuoza huko hutumia oksijeni ambayo samaki wanaihitaji.

Onyo jingine ni kuhusu mbolea. Usiweke mbolea ya shambani kama vile DAP, CAN au yurea ndani ya tangi. DAP na CAN zina amonia, na yurea hugeuka kuwa amonia ndani ya maji. Kijiko kimoja tu kinaweza kuua samaki wote. Mbolea ya matangi huuzwa kando, na kwa mimea michache kinyesi cha samaki chenyewe hutosha.

Saa ngapi kwa siku

Tangi jipya lianze na saa 6 za mwanga kwa siku. Baada ya wiki tatu au nne, ikiwa mimea inatoa majani mapya na vioo ni safi, muda unaweza kuongezwa polepole hadi saa 8. Ni matangi machache ya nyumbani yanayohitaji zaidi ya hapo.

Njia rahisi ni kutumia taima ya kuchomeka kwenye soketi. Huondoa usahaulifu, na familia inaweza kupanga taa iwake wakati watu wako nyumbani, kwa mfano kuanzia saa nane mchana hadi saa mbili usiku. Samaki wengi wa mapambo hawana kope za kufumba macho, hivyo giza ndilo pumziko lao. Taa iliyoachwa usiku kucha huwachosha na kuwafanya wawe wepesi kushikwa na maradhi.

Ni vyema taa ya chumba iwashwe dakika chache kabla ya ile ya tangi. Mwanga mkali wa ghafla huwashtua samaki, na wengine huruka nje ya maji.

Samaki wanaohema alfajiri

Baadhi ya wafugaji huamka asubuhi na kuwakuta samaki wakihema juu ya maji, ingawa tangi limejaa mimea. Chanzo chake mara nyingi ni hiki: mmea hutoa oksijeni ukiwa kwenye mwanga tu. Usiku, mimea, samaki na bakteria wote huitumia oksijeni, na hakuna anayeirudisha. Kiwango chake huwa cha chini kabisa muda mfupi kabla ya taa kuwaka tena.

Wakazi wa maeneo ya juu wana sababu ya kuwa makini zaidi. Mji wa Nakuru uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kwa kuwa mgandamizo wa hewa hapa ni mdogo, maji hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano yakilinganishwa na maji ya Mombasa yenye joto sawa. Ushauri wa kwenye pakiti au vitabu vya kigeni kuhusu idadi ya samaki kwa kila lita hauzingatii jambo hilo.

Tiba yake si ngumu. Weka samaki wachache, acha pampu ya hewa ifanye kazi usiku, na usiruhusu mimea inayoelea ifunike uso wote wa maji. Umeme ukipotea kwa muda mrefu, koroga uso wa maji kwa kikombe mara kwa mara, na usiwalishe samaki hadi urudi.

Mchana nako kuna jambo la kuangalia. Mimea inapofyonza kaboni dayoksaidi kwa kasi chini ya taa kali, maji hupoteza uasidi wake. Katika hali hiyo, amonia iliyomo hugeuka kuwa ya sumu kali zaidi. Ndiyo maana taa yenye nguvu haifai katika tangi jipya ambalo bakteria wake bado hawajakomaa, hali inayochukua wiki kadhaa.

Umeme na maji

Sehemu hii isomwe na kila mtu nyumbani, wakiwemo watoto wanaopenda kulisha samaki. Maji ya tangi hupitisha umeme, na taa ikianguka ndani inaweza kuua.

1. Zima na uchomoe kila kifaa kutoka kwenye soketi kabla ya kutia mkono majini.
2. Funga taa kwa skrubu, mnyororo au fremu imara. Taa ya kibanio iliyong'ang'ania ukingo wa kioo huteleza.
3. Weka kifuniko cha kioo kati ya taa na maji ili kuzuia mvuke na matone.
4. Acha waya uning'inie chini ya kiwango cha soketi kabla ya kupanda kwenye plagi. Maji yanayoteremka kwenye waya yatadondokea sakafuni, si ndani ya soketi.
5. Usiweke ekstensheni sakafuni chini ya tangi wala nyuma yake. Ifunge ukutani, juu ya kiwango ambacho maji yanaweza kufika.
6. Hakikisha nyumba ina swichi ya kinga inayokata umeme unapovuja, ile ya miliampia 30. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA.
7. Iwapo taa imeanguka majini, usiiguse. Zima umeme kwenye swichi kuu kwanza.

Tangi lenyewe lisisahaulike. Lita 54 za maji zina uzito wa kilo 54, bila kuhesabu kioo na changarawe. Meza ya runinga inayoyumba haifai kulibeba.

Gharama ya umeme

Hesabu ni rahisi: zidisha wati kwa saa za siku, kisha kwa siku 30, halafu ugawe kwa 1,000. Taa ya wati 20 inayowaka saa 8 kwa siku hutumia uniti 4.8 kwa mwezi. Ikiachwa mchana na usiku hutumia uniti 14.4, mara tatu zaidi, na kinachoongezeka ni mwani. Kupata gharama kwa shilingi, zidisha uniti hizo kwa bei ya uniti moja kama inavyojitokeza kwenye risiti yako ya tokeni.

Mimea ya kuanza nayo

Anayeanza achague mimea inayovumilia mwanga hafifu. Anubias, yenye asili ya Afrika Magharibi na ya Kati, hufungwa kwenye jiwe au kipande cha gogo. Shina lake lisizikwe, kwani huoza. Vallisneria ina majani marefu kama utepe na hupandwa kwenye changarawe. Ceratophyllum huelea bila mizizi na hukua haraka, jambo linaloifanya kuwa mshindani mzuri wa mwani.

Njia nyingine inayofaa ni kupanda mmea wa nchi kavu huku mizizi yake tu ikiwa ndani ya maji. Pothosi, mtambaazi wenye majani ya umbo la moyo unaowekwa vyunguni katika sebule nyingi, hukua vizuri hivi. Majani yake hupata kaboni dayoksaidi kutoka hewani bila kikomo, na mizizi hufyonza nitrati kwa wingi. Majani hayo huwasha mdomo yakitafunwa, kwa hiyo yawekwe mbali na watoto wadogo. Mnanaa pia hukua kwa njia hii, lakini usiliwe ikiwa tangi limewahi kutiwa dawa za samaki.

Usimwage ziwani

Mimea ikistawi italazimu kupunguzwa, na hapo ndipo jambo la nyumba moja linapoweza kuwa la kaunti nzima. Historia ya Ziwa Naivasha inatosha kuwa fundisho. Salvinia, jimbi dogo linaloelea lenye asili ya Amerika Kusini, lilionekana ziwani humo katika miaka ya 1960 na kutanda juu ya maji, hadi lilipodhibitiwa kwa kutumia mdudu anayelila. Kamba wekundu wa Louisiana waliletwa mwaka wa 1970, na wanahusishwa na kupotea kwa mimea ya chini ya maji iliyokuwa maficho ya samaki. Gugumaji, lenye maua ya zambarau ya kupendeza na ambalo limesambazwa duniani kama mmea wa mapambo, lilifika Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1980 na lingali linasumbua wavuvi.

Maziwa matatu ya kaunti hii, Nakuru, Naivasha na Elementaita, yanatambuliwa kimataifa kama ardhi oevu chini ya Mkataba wa Ramsar. Mito kama vile Malewa, Gilgil na Njoro huyalisha. Kipande kidogo cha mmea kikitupwa kwenye mtaro kinaweza kusafiri hadi huko.

Kwa hiyo mimea iliyokatwa ikaushwe juani hadi ife kabisa, kisha izikwe au ichanganywe kwenye mboji. Maji ya tangi yamwagwe bustanini. Yana nitrati na yatafaa mboga na maua. Samaki au konokono wasiohitajika warudishwe dukani au wapewe mfugaji mwingine. Wasiachiliwe mtoni, ziwani wala kwenye bwawa, hata kwa nia ya kuwahurumia.

Jaribio kwa vilabu vya sayansi

Wanafunzi wanaweza kuchukua mitungi miwili ya kioo inayofanana, isiyo na samaki, na kuweka ndani ya kila mmoja maji ya tangi na kipande cha Ceratophyllum chenye urefu sawa. Mtungi wa kwanza uwekewe taa kwa saa 6 kila siku, wa pili kwa saa 12. Kwa wiki nne, wapime urefu wa mmea kila Ijumaa, waandike rangi ya maji, na wahesabu viputo vinavyotoka kwenye majani kwa dakika moja. Mwishoni wajadili ni mtungi upi ulio na mmea bora, ni upi ulio na mwani mwingi, na ikiwa saa zilizoongezwa zilistahili umeme uliotumika. Mwalimu ndiye achomeke na kuchomoa taa.

Ya kukumbuka

Chagua taa nyeupe yenye wati za kiasi na kinga ya maji. Anza na saa 6. Mwani ukitokea, punguza mwanga kabla ya kununua dawa. Hakikisha hewa inaingia majini usiku. Chomoa kabla ya kutia mkono. Kilichokulia ndani ya tangi kisifike mtoni.

Wakazi wanaohitaji ushauri kuhusu ufugaji wa samaki wanaweza kumwona afisa wa uvuvi katika kaunti ndogo yao. Wanaokusudia kuzalisha samaki wa mapambo kwa ajili ya kuuza wamwone kabla ya kununua vifaa, ili waelezwe kuhusu leseni na aina za samaki zinazoruhusiwa.